Aliyenikingia Upepo

Kabla hatujaondoka, Nahodha alikuwa akipita kwa kila mtu na kubonyeza tairi lake kwa kidole gumba. Tairi likiwa legevu alichomoa pampu yake kwenye fremu, akachuchumaa, akakujazia mwenyewe. Pampu hiyo hakumwazima mtu yeyote. Tulikuwa waendesha baiskeli kumi na wawili wa Igogo, Mwanza, wengi watu wazima wenye familia, lakini mbele ya kile kidole tulisimama kimya kama watoto wanaokaguliwa kucha asubuhi shuleni.

Mimi nilikuwa nikibeba mkaa kwa baiskeli. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na baiskeli ya marehemu baba ikawa ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipojiunga na kundi. Nilikuwa mtu wa aibu. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja sikujua nianze kumjibu nani. Wenzangu walinitania kwa hilo. Nahodha aliniweka nafasi ya tatu katika mstari, akaniambia hapo sitaulizwa kitu na mtu.

Watu wa Igogo husema kwamba Nahodha alinikosesha kazi nzuri. Nyumbani kwetu pia ilisemwa hivyo kwa miaka mitano. Waliosema walisema walichokiona. Kulikuwa na jambo moja ambalo wao hawakulijua, nami nikalinyamazia.

Tulimwita Nahodha kwa sababu aliwahi kuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu, jina lake lilikuwa katika orodha ya kwanza. Timu ikafa, lakini cheo hakikumtoka. Aliendelea kuvaa fulana ya kiwanda hadi herufi zikafutika, na ilipochanika kabisa alinunua nyingine ya mtumba, ya njano, yenye maandishi ya kigeni kifuani. Mtu akimuuliza yanasema nini, alijibu kwamba yanasema, "Kaa nyuma yangu."

Riziki yake baada ya kiwanda ilikuwa mihogo. Alivuka ghuba kwa kivuko kwenda Sengerema, akanunua magunia mawili, akarudi nayo kwenye keria na kuiuza sokoni Mwanza. Ajabu ni kwamba aliogopa maji kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kivukoni alisimama katikati kabisa, baina ya malori, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili na kufumba macho, mpaka kivuko kigonge gati la upande wa pili. Alisema ziwa lina mamba na kichocho, na mtu mwenye akili hulitazama akiwa nchi kavu.

Baiskeli zetu za mashindano zilikuwa zilezile za mizigo. Jumamosi mchana tulifungua keria, madigadi, kengele na kifuniko cha cheni, tukageuza usukani juu chini ili tuweze kuinama, na hapo tukawa wanamichezo. Nahodha alijaza mfuko wa fulana matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akawa anatugawia barabarani kipande kimoja kimoja bila kugeuza uso. Ulinyoosha mkono tu, ukakuta kipande.

Elimu yake yote ilikuwa upepo. Alisema barabara ya Magu haina mlima unaoshinda upepo wa ziwa, ule unaoanza kuvuma kama saa nne. Mtu wa mbele anaupokea kifuani, aliye nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, anapumzika, kisha wanabadilishana. "Upepo unalimwa kwa zamu," alituambia, na kwa kuwa wengi wetu tulikuwa Wasukuma, au tumekulia kwa Wasukuma, tuliona mara moja vikundi vya kulima vinavyohamia shamba la huyu leo na la yule kesho. Mtu aliyependa kukaa nyuma tu bila kuchukua zamu yake alimwita mgeni wa siku ya nne.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Barabarani alikuwa mjanja kupita kiasi. Kulikuwa na shindano moja la kwenda Magu ambalo walikuja waendesha baiskeli wa Shinyanga, watu wenye miguu kama mihimili. Kuanzia Kisesa Nahodha akaanza kukohoa. Alikohoa vibaya, ameshika kifua, mpaka mkubwa wa wale Washinyanga akamwonea huruma na kumwambia akae nyuma, asichukue zamu, wasije wakaua mzee wa watu. Akakaa nyuma. Alipumzika huko kilomita nyingi akikohoa kidogo kidogo. Tulipoanza kuona mabati ya Magu kikohozi kikaisha, akachomoka.

Baada ya mstari wa mwisho nusura wapigane. Yule Mshinyanga alimwuliza kwa ukali kama kikohozi kimepona.

"Kimepona, bwana," Nahodha alisema. "Dawa yake ni kukaa nyuma yako."

Dakika chache baadaye walikuwa wakila ugali katika sahani moja, bado wakitukanana, na Nahodha akimsogezea mwenzake minofu ya samaki. Hivyo ndivyo walivyokuwa watu wa barabara. Walipatana njiani nani achukue kreti la soda lililowekwa na wenye maduka wa Nyanguge na nani aachiwe ushindi wa Magu. Walisukumana viwiko. Walidanganyana. Lakini palikuwa na jambo ambalo hawakulifanya.

Mwaka uliofuata yule Mshinyanga alikuwa mbele yetu, ndama akakatiza barabara, naye akaanguka. Nahodha alikuwa nyuma yake tu. Angeweza kupita na kwenda zake. Badala yake aliinua mkono wa kushoto, na kundi zima likapunguza mwendo, tukawa tunakwenda kama watu wanaotoka kanisani, mpaka yule bwana akapanda tena na kutufikia, goti likivuja damu. Ndipo Nahodha akashusha mkono, na viwiko vikaanza upya.

Kijana mmoja wa kwetu hakungoja. Alikwenda peke yake, akashinda. Nahodha hakumkaripia. Jumamosi iliyofuata alipita akibonyeza matairi yetu mmoja mmoja, na alipofika kwa yule kijana alimruka. Alimruka hivyo wiki nane. Kijana alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini wiki ya tisa alisimama mbele ya Nahodha, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, na langu." Likabonyezwa. Yakaisha.

Kisha walikuja watu wa michezo mitatu.

Miaka ile wageni walikuwa wameongezeka Mwanza. Wapo waliokuja kwa viwanda vya samaki, wengine kupima madini, wengine hospitalini. Baadhi yao walikuwa na mchezo ambao hatukuwahi kuuona: wanaogelea ziwani, wanatoka maji yakiwachuruzika, wanapanda baiskeli nyembamba, wakishuka wanakimbia mbio ndefu kwa miguu, vyote bila kupumzika. Tuliwaona kwanza kwenye barabara ya Kisesa. Aliyekuwa hodari zaidi ni nesi mmoja Mzungu aliyefanya kazi ng'ambo ya ghuba, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, aliyevuka kwa kivuko kila mwisho wa juma kuja kufanya mazoezi upande wetu.

Siku ya kwanza tulimkuta akipambana na upepo peke yake. Nahodha, kwa heshima zote, akampita na kujiweka mbele yake ili amkinge. Nesi akarudi nyuma. Nahodha akapunguza mwendo ili amfikie. Nesi akarudi nyuma zaidi. Walikwenda hivyo kama kilomita mbili, mmoja akikaribisha na mwingine akikwepa, mpaka nesi aliposimama kabisa pembeni ya barabara.

"Huyu mama anaona tunanuka," Nahodha alisema, na ilimuuma kweli.

Aliwachunguza kwa muda mrefu. Alisema hawagombani hata kidogo, na hilo lilimtia wasiwasi. Alisema wanakumbatiana mwishoni kama ndugu waliopotezana, halafu kila mtu anaingia gari lake. Mmoja wao alimpa chakula chao, uji mtamu katika kifuko cha kung'aa. Alionja, akasema ni dawa ya mafua. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba hawaondoki mpaka mtu wa mwisho amalize, na huyo wa mwisho ndiye wanayempigia makofi mengi. Kwetu sisi, waliochoka walipakiwa kwenye lori wakajifiche huko. Kwa maoni ya Nahodha, kumpigia makofi mtu wa mwisho ilikuwa kumwaibisha. Hata hivyo nilimsikia akilisema jambo hilo mara nyingi kuliko ambavyo angelisema mtu asiyeguswa nalo.

Mimi nilijua kuogelea. Nilikulia Ukerewe kabla baba hajatuleta Igogo, na kule mtoto huogelea kabla hajajua kuhesabu. Nesi aliniona siku moja nikiogelea kwenye mawe baada ya kazi, akaniuliza kama ningependa kujaribu mchezo wao. Nilikwenda kumwambia Nahodha, nikiogopa ataona nimelikimbia kundi.

Aliniambia niende, mradi Jumamosi nionekane. Zaidi ya hapo, alikuja mwenyewe kunisimamia. Kila jioni alikaa juu ya jiwe na saa yake ya mkononi, akinihesabia dakika, akiwa ameyapa maji mgongo. Hakuweza kuvumilia kuniangalia. Kila baada ya muda aliita jina langu, nami ilinibidi niitike kutoka majini ili ajue kwamba bado nipo.

Baadaye likatangazwa shindano la michezo mitatu, kubwa, lililofadhiliwa na kampuni ya magodoro. Lilifanyika kwenye klabu ya ufukweni ya wageni. Zawadi zilikuwa nyingi, lakini moja ndiyo iliyoninyima usingizi: mwenyeji wa kwanza kumaliza angeajiriwa na klabu kuwa mwangalizi wa waogeleaji. Kazi ya mwezi kwa mwezi, yenye sare, ya kukaa kimya na kutazama maji. Ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo changu. Mama aliacha kusema "ukiipata" akaanza kusema "ukianza."

Waliruhusu pia timu za watu watatu, kila mmoja na mchezo wake. Nahodha akaingia katika timu ya walimu wawili, yeye akiwa mtu wa baiskeli.

Asubuhi ya shindano walitukusanya kutusomea sheria. Zilisomwa kwa Kiingereza, na mwalimu mmoja wa sekondari, Mhaya mwenye sauti ya kusikika mpaka majini, akazitafsiri moja moja. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa. Alisema kwenye baiskeli kila mtu aende peke yake. Ukimkaribia aliye mbele yako, mpite au urudi nyuma kwa urefu wa baiskeli tatu. Kukaa nyuma ya mtu akukinge upepo ni udanganyifu, na atakayeonekana atafutwa. Alirudia mara mbili.

Nahodha hakuwepo. Alikuwa pembeni, karibu na ukuta, akiziba pancha ya mshindani mmoja ambaye hakumjua hata jina. Nilipomwona nilifikiri nimwendee nimweleze. Niliona watu wengi wamesimama kati yetu, nikaona haya kupita katikati yao nimevaa kaptula tu. Filimbi ikalia.

Majini nilikuwa hodari. Nilitoka wa tatu kwa wote na wa kwanza kwa wenyeji. Nyuma yangu alikuwepo askari mmoja kijana, mkimbiaji mzuri, na nilijua kwamba nisipomwacha mbali kwenye baiskeli atanipata kwa miguu. Nilikwenda hadi Kisesa vizuri. Nilipogeuka kurudi, upepo wa ziwa ulikuwa umeamka. Miguu ikaniishia. Nilimwona askari akikaribia kila nilipopinda.

Kisha nikasikia cheni niliyoijua. Nahodha alinipita upande wa kulia, akajiweka mbele yangu, akateremsha mabega.

"Ingia," alisema.

Nikaingia.

Anayejua kuendesha baiskeli anajua ilivyo. Kelele masikioni zinazima ghafla, kama mtu amefunga mlango. Kulikuwa na mgongo wake wa njano tu, na jasho, na mkono wake ukija nyuma na kipande cha kiazi. Nilijua sheria. Sauti ya yule mwalimu ilikuwa bado kichwani mwangu. Nilijiambia nitatoka kwenye mti ule, kisha kwenye daraja lile. Alinikinga kutoka Kisesa mpaka tulipoiona Igoma, na sikutoka.

Nilimaliza mbele ya askari. Kwa muda mfupi nilikuwa mwangalizi wa waogeleaji. Kisha nesi akaja na karatasi.

Yeye hakumaliza shindano. Majini mwenzake mmoja alikuwa amebanwa na misuli, nesi akaacha kuogelea, akamshikilia mpaka mtumbwi ulipofika. Kwa kuwa alikuwa ametoka, walimpa kazi ya kusimamia barabara kwa pikipiki, naye alikuwa ametuona. Tuliitwa chini ya turubai, mimi na Nahodha. Alimwuliza Nahodha nilikaa nyuma yake kwa umbali gani.

"Wote nilioweza," Nahodha alijibu, kwa fahari.

Nesi akamwambia kwamba hilo limekatazwa. Nahodha alimtazama yeye, akamtazama yule mwalimu Mhaya, akidhani labda nesi amekosea Kiswahili. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Kumsaidia mtu kumekatazwa?"

"Akianguka, msaidie. Akizama, mshike," nesi alisema. "Kumsaidia aende kasi, hapana."

"Kwetu mtu akichoka ndiyo ameanguka."

Nafikiri nesi alilichukua neno hilo kwa uzito wake. Kisha akasema polepole, "Kwetu akichoka ndipo anaanza kujijua. Ukimbeba, umemnyima."

Walitazamana bila chuki. Mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa na haki, na nimewafikiria wote wawili miaka mingi. Lakini nesi akanigeukia mimi.

"Wewe ulizisikia sheria?"

Nilitazama chini. Palikuwa na nyasi zilizokanyagwa, na nyayo zangu zina matope. Ningesema ndiyo, lawama ingekuwa yangu. Ningesema hapana, ningekuwa mwongo. Sikusema kitu, na nilifikiri Nahodha anaona ni ile aibu yangu anayoijua, kwani alijibu kwa niaba yangu.

"Hakusikia. Mimi ni mkubwa wake, nimemwambia ingia, akaingia. Nifuteni mimi."

Walitufuta wote, na timu ya walimu pamoja nasi. Kazi akapewa askari, ambaye alikuja kunipa mkono na kuniambia pole, nami sikuweza kumtazama. Nahodha hakuondoka. Alisimama kando ya njia na wale wageni mpaka mkimbiaji wa mwisho, mzee mmoja mnene, alipofika akiyumba. Walipiga makofi, na yeye akapiga. Sijawahi kumwona mtu mwingine akipiga makofi kwa hasira.

Baada ya siku tatu alikuja nyumbani, amechomekea shati. Alimsalimu mama, akakaa kwenye kiti alichopewa, akasema amekuja kuomba radhi: kwamba alifanya jambo bila kuuliza sheria, na kijana amepoteza kazi kwa ajili yake. Nilikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Mzee aliyenizidi miaka thelathini alikuwa akiomba radhi kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu, na labda zaidi ya nusu. Mama alisema, "Nimesikia," basi. Hakumpikia hata chai. Nahodha alinitazama kwa muda. Nikatazama ukuta. Akainuka, akaaga.

Jumamosi hiyo sikwenda. Wala iliyofuata. Nilijua kwamba akibonyeza tairi langu ningelia, na asipolibonyeza ningelia. Kabla ya mvua za vuli nikapata kibarua Magu, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikahamia huko.

Habari zake nilizipata kwa wenzangu walioleta mizigo. Waliniambia Nahodha aliziomba zile sheria kwa nesi, akampelekea mwalimu azitafsiri zote, akawa anazisoma kibarazani kwake kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Tangu hapo hakukubali shindano lolote lianze, hata la watoto wa Igogo, mpaka sheria zisomwe kwa sauti na kila mtu awepo. Waliniambia pia kwamba Jumamosi moja aliwaamuru waende Kisesa na kurudi mmoja mmoja, kila mtu peke yake, yeye akiwa wa mwisho, wapimwe kwa saa. Aliporudi alikaa chini muda mrefu. Walimwuliza vipi.

"Nimejijua," alisema. "Sijafurahi."

Nilicheka niliposimuliwa, halafu nikashindwa kula.

Mwaka wa tano nilikuwa nimerudi Mwanza, na nilikuwa nikivuka kwenda Sengerema kwenye msiba wa shangazi. Nahodha alikuwa kivukoni, katikati ya malori, juu ya magunia matupu. Siku hizo alikuwa amehamia kwa binti yake upande ule, akilima mihogo yake mwenyewe na kuileta sokoni kila Alhamisi. Nywele zilikuwa nyeupe. Hakuwa amefumba macho. Alikuwa akitazama buti la dereva mmoja kwa makini sana.

Nilimwamkia shikamoo. Aliinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Magu walikulisha."

Alisogea, nikakaa. Aliuliza habari za pamba, na za barabara. Mimi nilikuwa nimelibeba lile jambo kwa muda mrefu mno kulizungukia, na nilijua kwamba kivuko kikifika sitalisema tena. Nikamwambia kwamba siku ile nilizisikia sheria. Nilisimama mbele, zikasomwa mara mbili, nami nikaingia nyuma yake nikijua.

Hakugeuka.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Uligeuka nyuma kutazama pikipiki, nikasikia gurudumu lako likigusa langu. Mara tatu. Mtu aliyekaa kwenye upepo wa mwenzake kihalali hageuki nyuma."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alikuja kwetu kuomba radhi.

"Nilitaka kukuona. Sasa mtu anaingiaje nyumbani kwa watu kumtazama kijana wao? Lazima awe na sababu. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo." Akaongeza, "Na mimi nilikuwa na langu. Sikuuliza sheria. Hilo halikuwa uongo."

Nikamwambia anisamehe. Alisema lilikwisha zamani, kwamba kilichomsumbua ni zile Jumamosi. Wiki za kwanza alikuwa akichelewesha safari, akiwaambia wenzangu cheni yake haijakaa sawa, akiangalia kona ninayotokea. Alilisema bila lawama, kama mtu anayekueleza njia.

Kivuko kilianza kupunguza mwendo. Alikamata magunia kwa mikono yote miwili.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie na yeye. Si kwa ajili yangu. Yule mama huzunguka soko zima asipite nilipo, na miguu inamuuma. Namwona."

Niliporudi kutoka msibani nilimkuta mama uani, anachagua mchele kwenye ungo. Nilikaa karibu naye, nikamweleza yote, kuanzia kwa mwalimu na sauti yake. Aliendelea kutoa vijiwe. Nilipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Nilimsema sokoni," alisema. "Mwaka uleule, mbele ya watu. Nilimwambia ameniharibia mtoto. Na mengine nikamwambia."

Nikamwuliza yeye alijibu nini.

"Alisema, 'Pole, mama.'"

Alhamisi mama aliamka mapema kuliko kawaida yake, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda sokoni.